Kazija Achagua Lugha Isiyohitaji Koo

Mtanimaliza nyie. Mtu ameketi kwake, mkono wake umezoea mwiko kuliko kalamu, mnamjia kila Ijumaa: Bibi, tuandikie habari za Kazija, tuandikie alivyoingia kwenye kompyuta, na sisi tunataka kuacha kazi zetu na hatujui tujifunze lugha ipi. Mimi na kompyuta wapi na wapi? Lakini nimechoka kusikia mnavyoisimulia ovyo, wengine mnasema ati alisomeshwa na serikali. Hakusomeshwa na mtu. Naiandika mara moja tu. Anayetaka kuucheka mwandiko wangu aucheke, kisha anioneshe wake.

Kazija binti Ussi ni mtu wa Unguja. Alifika Guangzhou, China, kwa kumfuata mumewe aliyekuwa akisoma kule. Ndoa haikudumu. Mume akarudi, mke akabaki, kwa sababu alikuwa amekwisha kupata kazi, na kazi yenyewe ilikuwa ni koo lake.

Siku hizo, miaka ya tisini inamalizika, wafanyabiashara wa kwetu, na mimi nikiwamo, ndio kwanza walikuwa wanaijua njia ya China. Mtu anashuka uwanja wa ndege wa Baiyun hajui hata kuomba maji ya kunywa. Akiuliza anaambiwa, nenda Sanyuanli, ofisi ya mizigo ya bwana Kuang, ulizia Kazija. Basi Kazija anamchukua hadi barabara ya Zhanqian, kwenye yale majumba ya nguo za jumla, anamsemea kwa Kichina cha sokoni, na jioni marobota yanakwenda kwa Kuang kungoja kontena.

Na mle majumbani hamsemwi, hupigwa kelele. Mikokoteni inapita, utepe wa kufungia unachanika krr krr, kila mwenye duka na spika yake mkononi. Kazija alikuwa na sauti ya kupenya. Akiita "Laoban!", yaani bosi, waligeuka mabosi wa ghorofa nzima.

Alikuwa na tabia moja ambayo wote waliofuatana naye waliichukua. Hanunui nguo kwa kuitazama nje. Akipewa sampuli anaipindua ndani nje, anapitisha ukucha juu ya mshono, anavuta, ananusa rangi. Mteja akimharakisha, anamwambia, "Huku nje kapamba mwenye duka. Nataka nione fundi kafanya nini."

Siku moja yuko na bwana Abubakary, mtu wa Dar es Salaam, mnene, mwenye haraka, mnunuzi wa jaketi za jinzi. Mwenye duka kataja bei ya kuudhi. Kazija akafungua mdomo amjibu, na hakikutoka kitu. Si kukwaruza, si kukoroma. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Hewa tupu. Akabaki anamkodolea macho yule mwenye duka, na yule mwenye duka akadhani huo ni ukali mpya. Akashusha bei. Kazija bado anahangaika na koo lake, kimya. Akashusha tena.

Walipotoka nje Abubakary anacheka hadi tumbo linatikisika. "Dada'ngu, leo umenifundisha! Kumbe ukimnyamazia anajimaliza mwenyewe!"

Kazija akacheka naye, bila sauti.

Hospitali wakamtia kioo kooni. Daktari, mama mmoja mpole, akamchorea kwenye karatasi: nyuzi mbili za sauti, na juu yake vinundu, kama sugu za kiganja cha mchukuzi. Akamwambia apumzike. Asipige kelele, asinong'one pia, aseme la lazima tu. Akiendelea na Zhanqian itabidi vikatwe, na vikikatwa sauti huenda ikarudi na huenda isirudi.

Sasa fikiri. Huyu ni mwanamke ambaye karatasi zake za kukaa nchini zinatoka ofisi ya mizigo, na ofisi inamweka kwa sababu ya sauti. Koo likifa, kazi imekufa, na karatasi nazo. Unguja atarudi kufanya nini? Kwao nyumba imejaa, na kila jirani atakuja kumpa pole ya talaka upya.

Hakumwambia Abubakary. Hakumwambia mteja yeyote. Alimwambia Domina tu, mwanamke wa Mwanza waliyekuwa wakikaa naye chumba kimoja, mnunuzi wa nguo za watoto, mwenye maneno mengi lakini asiyetoa siri.

"Mama wee," Domina akasema. "Sasa wewe utafanya kazi gani isiyo na mdomo? Ulinzi? Na wenyewe wanapiga filimbi."

Kazija akanyoosha kidole upande wa ofisini kwa Kuang. Domina akatazama, kwenye kona ya upande ule kuna pasi. "Udobi?" Kazija akatikisa kichwa, akaanza kupapasa hewani kwa vidole vyote kama mtu anayechambua mchele. Domina akakisia piano, akakisia kusuka nywele, mpaka Kazija akachoka, akasema neno moja: "Kompyuta."

Maana ofisini kwa Kuang ilikuwepo kompyuta. Aliyekuwa akiijua ni mpwa wake Kuang, na mpwa amekimbilia Shenzhen kwenye mshahara mnono, mashine imefunikwa kitambaa cha maua kama maiti. Kuang alikuwa mtu wa maneno machache. Kazija alipomweleza hali ya koo, akavuta sigara yake mpaka kichungi, akasema: ujue kuandika programu ya mizigo, kiti ni chako. Lakini mwaka wetu mpya ukipita hujaweza, naleta kijana kutoka Shenzhen, na hapo sina nafasi ya watu wawili.

Ilikuwa mwaka tisini na nane, mvua za joto zimekwisha. Hadi mwaka mpya wa Kichina, muda unatosha kozi moja tu ya jioni. Moja. Akichagua vibaya, hakuna ya pili.

Na hapo ndipo alipojua kwamba kompyuta haina lugha moja. Zipo kama vitenge, kila mtu anasifia chake.

Domina alikuwa na kaka yake benki. Akampigia simu, akarudi anahema. "Kaka anasema COBOL! Mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta za mabenki zitachanganyikiwa tarehe, wanatafuta mafundi wa COBOL kama maji! Shoga, umepata!"

Kazija akamvuta akae. Kisha akahesabu kwa vidole, akisema polepole ili asiumize koo. "Domina. Kontena la nguo za Idi unalifunga lini?"

"Si mapema, liwahi kufika."

"Na ukilifunga mwezi wenyewe wa Ramadhani?"

"Linafika watu wamekwisha kula pilau. Nguo unakaa nazo." Domina akaelewa. "Aa. Utakuwa bado unajifunza, wenzio wamemaliza kutengeneza."

COBOL ikaondoka.

Akaja Rodgers. Kijana wa Mbeya, mwanafunzi wa chuo, miwani, mashati ya kola ngumu, anawaheshimu wakubwa lakini anajiona. Jumapili alikuwa anakuja kula ugali kwa Domina. "Dada Kazija, nisikilize mimi. C++. Hiyo ndiyo lugha. Darasani kwetu watu mia wanaisoma. Nenda shule yoyote ya jioni, foleni iko kwenye C++. Hizo nyingine ni za kujifurahisha."

Na Kazija akaenda kwenye foleni. Naandika hili bila kumficha: yeye, ambaye aliwakataza wateja kila siku wasifuate kundi! Mwaka ule wa magauni ya mahameli, kila aliyetoka Guangzhou alibeba mahameli, Kariakoo ikafurika mahameli hadi watu wakafanya mapazia, na ni yeye aliyekuwa amewaonya. Lakini hofu ikikupanda kichwani unaona migongo ya watu mbele yako unadhani ndiyo njia. Akajiandikisha C++, shule ya jioni ghorofani, si mbali na ofisi.

Siku ya kwanza alimwita mwalimu "laoban". Ndicho Kichina alichokijua, cha sokoni. Kumheshimu mtu ni kumwita bosi. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu, mwanamke kijana anaitwa Fang, akacheka pia, akasema hajawahi kuwa bosi wa mtu, ahsante.

Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili. Kazija akawa anarudi nyumbani macho mekundu. Domina akimuuliza umetengeneza nini leo, anasema: herufi nyeupe kwenye kioo cheusi. Kesho? Herufi nyeupe nyingine. Akili ilikuwepo, msidhani. Alikuwa anaelewa. Lakini aliona wazi kuwa hii ni gora zima la kitambaa: mtu unaweza kushona chochote, joho, hema, tanga, lakini kwanza uwe fundi wa miaka. Na yeye miaka hana. Ana miezi, na Kuang anavuta sigara.

Jioni moja wenzake walipotoka yeye akabaki. Akamwendea Fang, safari hii akamwita mwalimu. Akasema kile ambacho angekisema Zhanqian: "Nitolee lugha zote. Nipindulie. Nataka kuona ndani."

Fang hakuelewa. Kazija akavua sweta lake, akalipindua, akamwonesha mshono wa kwapani.

Basi yule binti akaketi, akamfungulia moja baada ya moja, programu ileile ndogo ya kujumlisha namba mbili. C++ anaijua. FoxPro, akamwambia hii ni ya orodha, maofisi mengi yanaitumia. Kazija akapitisha ukucha kwenye kioo, akaona inasomeka, akaiweka pembeni kama mtu anayesema hii nairudia. Java, akamwambia hii changa, ya mtandao. Kazija akauliza kompyuta ya Kuang ile nzee itaibeba? Fang akafanya uso wa mtu aliyeulizwa kama punda atapanda ngazi. Ikaenda.

Kisha akafungua Visual Basic, akamwambia hii hata mashine nzee inaibeba. Akavuta kwa mausi kitufe, akakiweka katikati ya kioo. Hivyohivyo, kama mtu anayepachika kifungo. Akakitia rangi. Ya kijani. Kazija akainama.

"Rangi yoyote?"

"Yoyote."

"Pindua."

Fang akakibonyeza mara mbili, ikafunguka ndani yake: mistari michache, inasomeka, huu mshono unashika pale, ule unashika hapa. Kazija akauvuta. Akabadilisha neno, akaendesha, kitufe kikasema neno alilolitia yeye. Kwa Kiswahili. "Karibu."

Akakaa pale ameushika mdomo. Maana alikuwa ameona kitu ambacho Fang hangeweza kukijua, kwa sababu Fang hajawahi kufunga robota. Marobota yetu hayatambulikani kwa maandishi. Wachukuzi wa Kuang hawasomi herufi zetu, na sisi hatusomi zao, na wapo wengine kati yetu, mnawajua, wasiosoma za mtu yeyote. Kwa hiyo kila mfanyabiashara alikuwa na rangi yake, utepe wa kitambaa unashonewa kwenye mdomo wa robota. Abubakary kijani. Domina manjano. Wangu mwekundu. Lugha zote Fang alizompindulia zilikuwa na maneno ndani. Hii ilikuwa na vifungo vya rangi nje.

Akamwomba Fang ambadilishe darasa kesho yake. Zilikuwa zimepotea wiki mbili tu, na nafasi ilikuwepo, hakukuwa na foleni.

Rodgers alipopata habari alikuja mbio. "Dada! Visual Basic? Ile si lugha, ile ni mchezo wa watoto! Watakucheka!"

Kazija alikuwa ameambiwa asipoteze sauti kwa mabishano. Akamsogezea sahani ya ugali.

"Nasema kwa wema, dada. Mtu akikuuliza unajua nini, utasema unajua kuweka vitufe?"

Akamsogezea mboga.

"Angalau nijibu!"

"Nani atabonyeza?" Kazija akasema.

"Nini?"

"Wewe hiyo yako ukiimaliza, na wateja wangu hawasomi. Nani atabonyeza?"

Rodgers akafikiri, akatafuna. Domina akamwongezea: "Kula mwanangu, usijibu. Limekushinda." Na Rodgers ni kijana mzuri, alikuja baadaye kumsaidia palipokuwa pagumu, na ile C++ yake imemlisha hadi leo. Sisemi ilikuwa mbaya. Nasema haikuwa ya Kazija.

Ramadhani ikaingia, akawa anafuturu tambi kwa Wachina Waislamu wa kaskazini wenye mkahawa chini ya shule, kisha anapanda darasani. Idi ikaja, ikapita. Ofisini akawa anakaa mbele ya ile mashine iliyovuliwa kitambaa cha maua, na Kuang anapita nyuma yake akihesabu kwenye kalenda siku zilizobaki.

Wiki ya mwisho kabla ya mwaka wao mpya, mnajua inavyokuwa. Viwanda vinafungwa, kila mtu anataka mzigo wake utoke leo. Zamani siku hizo ndizo zilizommaliza Kazija: wateja wamejaa mlangoni wanauliza wote pamoja, mzigo wangu uko wapi, na yeye anampigia kelele mchukuzi ghalani kwa Kichina, kisha anampigia kelele mteja kwa Kiswahili. Safari hii Kuang akageuza kioo cha kompyuta kikatazama mlango. Akavuta kiti, akakaa kando, akawasha sigara. Ndio mtihani wenyewe.

Kioo kilikuwa na vifungo vya rangi kama pipi. Ukibonyeza rangi yako, unatokea mchoro: robota likiwa ghalani linaonekana kwenye nyumba, likiwa kontenani linaonekana kwenye sanduku, likiwa baharini linaonekana kwenye meli. Chini yake maneno, Kiswahili huku na Kichina huku. Domina akabonyeza manjano. Sanduku. "Yesu wangu, limeshapakiwa!" Akambusu Kazija shavuni. Mwingine akabonyeza, nyumba. Watu wakaanza kupanga mstari wenyewe.

Akaja Abubakary na haraka yake. Kijani. Meli. Akafurahi. Kisha akatazama vizuri. "Na ya mke wangu?"

Kazija akainua macho.

"Ya mke wangu Dalila! Nimefunga yangu na yake, yake nimeshonea kijani na nyeupe ili nisimchanganyie. Yako wapi?" Akabonyeza kijani, yakaja ya kwake tu. Akabonyeza nyeupe, yakaja ya mtu mwingine kabisa. "Wameniibia! Jamani, mzigo wa Dalila umepotea! Nitamwambia nini?" Na sauti yake Abubakary ni ya mtu mnene. Mlango mzima ukaanza kuvurugika. Mmoja akasema hata mimi sijauona wangu vizuri. Mwingine akagonga kioo. Kuang akatoa sigara mdomoni.

Kazija akasimama, akavuta pumzi ya kuwafokea wote kama zamani. Akaisikia ile hewa tupu inamngoja.

Akakaa. Akanyoosha mkono mmoja juu, kiganja wazi, kama polisi wa barabarani, na kwa mkono mwingine akaipindua programu. Ndani nje. Watu waliona vifungo vinaondoka, mistari inakuja. Akapitisha kidole. Mshono huu mzima, huu mzima. Huu hapa: alikuwa amewapa kila mtu rangi moja, akasahau waume wanaowafungia wake zao mizigo. Akapachika mstari. Akaongeza kifungo kipya, nusu kijani, nusu nyeupe, vipande viwili vilivyobanwa pamoja kwa haraka, kingo hazikulingana. Akayachukua marobota ya utepe wa rangi mbili kule yalikokuwa yamekaa bila mwenyewe, akayafungia hapo. Akaendesha. Akamwonesha Abubakary kwa kidevu: bonyeza.

Abubakary akabonyeza.

Meli.

"Meli ileile?"

Kazija akaitikia kwa kichwa.

Yule bwana akakaa chini sakafuni, palepale, suruali na vumbi. "Alhamdulillahi. Alhamdulillahi. Dalila angenichinja." Watu wakacheka, mstari ukarudi. Na Kazija, ambaye hakuwa amefumbua mdomo asubuhi nzima, akajikuta machozi yanamtoka yenyewe, mepesi, hata hayachomi. Kuang alikuja akasimama nyuma yake. Akaweka juu ya meza, kando ya kibodi, glasi ya chai. Kwa Kuang hiyo ilikuwa ni hotuba.

Yule kijana wa Shenzhen hakuitwa.

Masika yaliyofuata daktari alimtia tena kioo kooni, akachora zile nyuzi mbili, safari hii hazina kitu juu yake. Sauti ikamrudia, ya chini kidogo kuliko ya zamani, tamu. Abubakary aliposikia alikuja na kilo ya tende. "Dada'ngu! Umepona! Twende Zhanqian, yule wa jaketi za jinzi anakuogopa bado!"

Kazija akachukua tende. Akamtazama. Akamjibu kwa sauti ile mpya, bila kuipandisha, kama wenye maduka wanavyokataa: "Bu yao." Sitaki. Na akageukia kioo chake.

Haya. Nimeandika, vidole vinauma. Sasa wewe uliyeniomba, usirudi hapa Ijumaa na maswali mengine. Chagua moja, jifunze, na utakaporudi uje na kitu ulichokitengeneza, hata kifungo kimoja tu, chekundu, nikibonyeze. Kisha unipindulie nione mshono.